Neno Alilolifuta Monitrisi

Jina lake nalijua, ila sitalitaja. Msidhani ni heshima. Miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu akimwita kwa jina. Kuanzia Birere mpaka Himbi alikuwa Monitrisi tu, kwa sababu alikuwa akifundisha upishi kwenye fuaye, ile nyumba ndefu ya mabati ambamo sisi akina mama wa Goma tulikwenda kujifunza kushona, kufuma na kupika. Hata padri alimwita hivyo hivyo. Hata mlevi wa mtaani, akimwona anapita na kikapu chake, alijiweka sawa na kusema, "Monitrisi, leo mimi nimekula mboga, uliza mutu yeyote."

Kazi yake ilikuwa kutufundisha chakula chepesi, chenye afya, cha kupikwa nyumbani kwa makuta machache. Sasa fikirieni. Ilikuwa Zaire, na mwanaume asiye na kitambi alionekana hana kazi, au ana kazi lakini bibi yake hajui kupika. Mboga isiyoelea mafuta mekundu juu ilikuwa matusi kwa mgeni. Halafu anakuja mwanamke mmoja, mfupi, mpana wa mabega, sauti nzito kama ya mwanaume, anakuambia mafuta yako yapunguze, chumvi yako ipunguze, nyama iwe mara moja kwa wiki, na kitambi cha bwana yako si utajiri, ni ugonjwa unaokuja. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye alingoja tumalize kucheka, kisha akawasha mbabula, jiko lake la makaa, akatupa kazi ya kuchambua maharagwe.

Alipomtembelea mtu nyumbani hakuanza na sufuria. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye shimo la takataka, akachukua kijiti na kufukua. Mara ya kwanza alipokuja kwangu niliona aibu, nikadhani anatafuta kitu kibaya cha kunisema kwa watu. Akainua fungu la majani kwa ncha ya kijiti.

"Mama Masika, haya majani ya karoti ulitupa kwa nini?"

"Monitrisi, si ni majani tu."

"Na lengalenga ni nini? Ni nyama?" akauliza, akimaanisha mchicha niliokuwa nikiununua sokoni.

Siku hiyo tulikula majani ya karoti, yamekatwa membamba, yamechanganywa na puwaro, yaani vitunguu vya majani, na sambaza, dagaa wa ziwani, zilizokaushwa kwenye sufuria kavu bila tone la mafuta. Na yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo. Tangu hapo sikununua mboga kwa wiki nzima ya mwanzo wa mwezi, maana nusu ya mboga nilikuwa naitupa mwenyewe.

Mafuta aliyapima kwa kifuniko cha chupa ya bia. Alikuwa na chake, kilichobanduliwa ule utando wa ndani, na kila mmoja wetu aliambiwa atafute cha kwake. Kifuniko kimoja kwa sufuria ya watu sita. Ukitia viwili alijua, hata kama alikuwa amekupa mgongo, nadhani alisikia kwa masikio jinsi kitunguu kinavyolia. Na chumvi, ayi, chumvi ilikuwa vita. Ukichovya vidole kwenye kopo kabla hujaonja, alikushika mkono hapo hapo. "Nani amekutuma?" Hilo lilikuwa neno lake. Lilizoeleka mpaka watoto wa Birere walikuwa wakiulizana hivyo wakicheza mpira. Nani amekutuma? Mimi hadi leo nikishika chumvi nasikia ile sauti, na hasira inanipanda upya.

Siku moja alitueleza juu ya kalori. Alisema ziko katika kila chakula, kwenye mafuta ziko nyingi sana, na zikizidi mwilini zinakaa tumboni hazitoki. Mama mmoja kutoka Masisi, mpole, aliyekuwa akikaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni, akainua mkono.

"Monitrisi, ukichemusha muda murefu, hazifi?"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Monitrisi hakucheka. Alisema ni swali zuri kuliko yote aliyoulizwa mwaka ule, na akatumia asubuhi nzima kumjibu, kwa viazi, kwa maharagwe, kwa kijiko cha mafuta, mpaka yule mama akaelewa na sisi wote tuliomcheka tukaelewa kwamba na sisi tulidhani ni wadudu. Nawaambia haya ili mjue kwamba sikumfuata mtu mpumbavu, wala mimi sikuwa mpumbavu. Alikuwa mwalimu. Kama angekuwa tapeli nisingeumia.

Tena alikuwa jasiri. Sokoni niliona kwa macho yangu askari mmoja akiokota shu, yaani kabichi, mbili kubwa za mama mmoja wa Kibumba na kuanza kwenda zake bila kulipa. Watu wote waliangalia pembeni, hivyo ndivyo tulivyoishi. Monitrisi akamshika mkono wa shati.

"Mutoto yangu, hizi shu ulilima wewe?"

Askari akamwangalia. Ana bunduki, yeye ana kikapu. Nikasema moyoni, leo tunamzika. Monitrisi akaendelea kumshika.

"Mama yako anajua unakula shu ya wizi? Nitamutafuta nimwambie."

Na yule kijana, haki ya Mungu, akarudisha shu zote mbili na akasema pardo. Nilirudi nyumbani nikimsimulia mume wangu, nikiruka ruka, kama kwamba mimi ndiye niliyemshika.

Alikuwa na siri yake moja ndogo, na niliijua mimi peke yangu. Kila Ijumaa alinunua mikate miwili ya kukaangwa, ile inayokunywa mafuta mpaka yanapenya karatasi, akaila amesimama nyuma ya ukuta wa fuaye. Nilimkuta siku moja mdomo unang'aa.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu, Monitrisi."

"Vizuri."

Na kweli sikumwambia mtu, hata mume wangu. Niliona ni kitu cha kupendeza. Mtu anayewakataza wengine mafuta mwaka mzima, mwacheni ale mikate yake miwili.

Sasa nifike kwenye lile neno. Mtalisikia leo mkaliona dogo, lakini lilichukua nyumba yangu.

Darasani alikuwa na ubao mweusi, na asubuhi hiyo aliandika kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa, RÉGIME SANS SEL. Rejimu, yaani mpango wa kula, bila chumvi. Lilikuwa somo la wagonjwa wa tensio, wale ambao damu inawapanda kichwani, namna ya kuwapikia. Sisi tulikuwa tunanakili. Kumbe siku hiyo ilikuwa ya mazoezi ya kucheza na kuimba kwa ajili ya wakubwa waliotarajiwa kuja, na kijana wa chama aliyetumwa kutusimamia akaingia mapema. Akasimama mlangoni, akasoma ubao. Akasoma mara ya pili.

"Mama sitwayeni," akasema polepole, akimwita raia kama chama kilivyoagiza, "rejimu gani hiyo haina chumvi?"

Nani hakuwa anajua? Rejimu lilikuwa pia jina la utawala. Watu wakubwa wenye magari waliitwa watu wa rejimu. Na kitu kisicho na chumvi, kwetu, ni kitu kisicho na ladha wala maana. Mwanamke mmoja nyuma alicheka, kisha akajiziba mdomo. Monitrisi akawa wa rangi ya majivu. Yule aliyemshika askari mkono akaangusha chaki. Hakutafuta kitambaa, alifuta ubao kwa kitenge alichokuwa amevaa, akaanza kueleza kuhusu ini na figo na damu, maneno yakimtoka ovyo. Kijana akamwacha. Nadhani hata yeye alikuwa anajizuia kucheka. Lakini alipoondoka, Monitrisi alifunga mlango na kutuambia, "Kuanzia leo hilo neno limekufa. Hapa ndani na huko inje. Mutasema chakula ya pole. Munasikia?"

Tukasema tumesikia. Na tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitamka.

Mume wangu, Papa Masika, alikuwa karani kwenye ofisi moja Himbi. Mtu mnene, mcheshi, abakosti yake, lile koti la kazi la wakati ule, imebanwa tumboni mpaka vifungo vinaomba msamaha. Akaanza kuumwa kichwa na kuona vinyota. Daktari wa hospitali akampima, akasema ni tensio, tena mbaya, na kwamba dawa ni adimu na ghali, kwa hiyo dawa yake ya kwanza iwe sufuria. "Rejimu," daktari akasema. Baada ya mwezi daktari mwenyewe akahamishiwa mbali na hatukumwona tena.

Nikakimbilia kwa Monitrisi. Akanishika mabega akaniambia, "Usilie. Huyu tutamushusha pamoja." Na akaanza kuja kwangu kila Alhamisi, baada ya darasa, kwa muda wa miezi minne. Mimi na yeye tu jikoni. Alinifundisha kufunga samaki kwenye jani la mgomba, na nyanya na kitunguu na pilipili, akaiva kwa mvuke wake mwenyewe. Makayabu, wale samaki wa chumvi ambao mume wangu aliwapenda kuliko mama yake, wakafukuzwa nyumbani. Sombe, yale majani ya muhogo, tuliipika bila mawese, kwa bilinganya na puwaro nyingi. Bugali ikawa ya ngumi moja, na mboga zikajaza sahani. Tena alinifundisha kulaza sufuria: maharagwe yakichemka vya kutosha, unaiondoa sufuria kwenye mbabula, unaizungushia mablanketi ya zamani, unaiweka mahali pasipo na upepo, yanaendelea kuiva yenyewe bila makaa. Mimi nyumba yangu ilikuwa ndogo, mahali pasipo na upepo palikuwa kitandani. Kwa hiyo sufuria yangu ililala kitandani, na mume wangu alikuwa akiipita na kusema, "Samahani, mama, sikujua kama umelala."

Alipungua. Alipungua kweli. Akaanza kupanda kutoka ziwani bila kuhema, kichwa kikaacha kumuuma, na abakosti ikawa inamwelea. Mimi nilifurahi, mji ulisikitika. Ofisini walimuuliza kama bibi yake anamlisha majani kama sungura. Yeye alicheka, lakini dada yake mkubwa, wifi yangu, hakucheka. Alikuja, akamwangalia kaka yake kuanzia shingoni mpaka miguuni, akaniuliza, "Unamupa nini?" Nikamwambia Monitrisi anakuja, ananielekeza. Akasema tu, "Haya."

Basi asubuhi moja, akijifunga viatu aende kazini, tensio ilimwangusha. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao ukafa. Kwa nini, wakati alikuwa anaendelea vizuri? Sijui. Pengine tulichelewa kuanza. Pengine alikuwa anakula brosheti, ile mishikaki ya barabarani, kwa siri karibu na ofisi, wanaume ninyi. Ninachojua ni kwamba aliweza kuniangalia, na aliweza kuinua mkono wa kushoto, na ndivyo hivyo tu.

Na mtu aliyekonda kisha akaanguka, Goma wanajua jina lake. Karuho. Ile sumu ya polepole, inayotiwa kwenye chakula kidogo kidogo, inamkausha mtu mpaka anakwisha. Sikuwahi kuisikia ikitajwa mbele yangu. Niliiona tu kwa majirani walioacha kunywa maji nyumbani kwangu.

Wazee wa ukoo wakashuka kutoka Lubero kwa lori. Kikao kikawekwa uani kwangu, mchana kweupe, mume wangu amekalishwa kwenye kiti na mto mgongoni. Wifi ndiye aliyesema. Kaka yake alikuwa na mwili, leo hana. Mimi namnyima chumvi, jambo ambalo hata mfungwa hanyimwi. Namnyima nyama. Chakula chake napima kwa kifuniko, na nani anayepima kwa kifuniko kama si mtu wa dawa? Na tena, akasema, mlango wa chumba changu ukifunguliwa mtakuta sufuria imefichwa ndani ya blanketi, kitandani. Kijana mmoja akatumwa, akarudi nayo mikononi, imefungwa vile vile. Watu wakasogea nyuma. Maharagwe yangu! Yalikuwa bado moto.

Mimi sikuogopa. Nawaapia, sikuogopa hata kidogo, kwa sababu Monitrisi alikuwepo. Nilikuwa nimemwomba aje, na alikuwa amekuja, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kikapu chake miguuni. Nilijua akifungua mdomo mambo yatakwisha. Mji mzima ulimheshimu. Hata wale wazee walikuwa wamemsikia.

Nikasimama nikasema, "Wazee, daktari alimwandikia bwana yangu rejimu. Na rejimu hiyo nilifundishwa na Monitrisi huyu hapa. Mumuulize."

Mzee mmoja, mwenye kofia ya manyoya, akakunja uso. "Rejimu? Ni Serikali njo ilikutuma?"

"Hapana muzee. Ni namna ya kupika."

Akamgeukia Monitrisi. "Mama, ni kweli? Wewe ulimufundisha huyu mwanamuke hiyo rejimu?"

Sasa niwaambie jambo ambalo sikulipima vizuri siku ile. Wifi yangu ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati ya fuaye. Monitrisi hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na kiwanja. Alilala kwenye chumba cha nyuma cha fuaye, na ufunguo wa chumba hicho alipewa na kamati. Wifi alikuwa anamwangalia tu, amekunja mikono.

Monitrisi akaangalia kikapu chake. Akasema kwa ile sauti nzito ambayo hakuna mtu angeweza kudai hakuisikia:

"Hilo neno mimi silifundishi. Mutaniuliza mwanamuke yeyote wa fuaye. Hilo neno halitoki mu kinywa yangu."

Na ilikuwa kweli! Ndiyo iliyoniua. Ilikuwa kweli tupu, angeweza kuapa kwa msalaba. Wanawake wawili wa fuaye waliokuwapo wakaulizwa, wakasema ni kweli, Monitrisi hasemi neno hilo. Siwalaumu. Hawakuwahi kuingia jikoni kwangu. Aliyeingia ni yeye.

Nikapiga kelele, "Basi chakula ya pole! Chakula ya pole, Monitrisi! Alhamisi zote hizo, ulikuja kufanya nini kwangu? Nani amenituma mimi kama si wewe?"

Hakuniangalia. "Mama Masika," akasema, "usinitie mu mambo ya nyumba yako."

Mume wangu akaanza kuinua mkono wake wa kushoto. Akauinua, akaushusha, akauinua, akitoa sauti kooni, macho yamemtoka, anamwelekezea Monitrisi kidole. Yeye alijua. Alikuwa amekula chakula cha mkono wa mwanamke yule miezi minne. Wifi akasema, "Munaona? Anataka kutoka hapa." Na kila mtu akaona hivyo.

Walimpandisha kwenye lori siku hiyo hiyo, juu ya magunia matupu, wakampeleka Lubero kwa mganga wa karuho, anayewatapisha watu. Mimi nilizuiwa nisipande. Nilisikia baadaye kwamba walimtapisha, kisha wakamlisha anone: nyama ya nguruwe, mawese, makayabu, chumvi aliyonyimwa yote akarudishiwa. Hakumaliza miezi miwili. Habari nililetewa na dereva wa lori la viazi, amevua kofia, na kuzikwa alikuwa amekwishazikwa.

Sikufungwa. Watoto wangu wawili waliachwa nami, maana walikuwa wasichana na hakuna aliyewataka. Nyumba ilikuwa ya kupanga. Kwa hiyo watu husema sikupoteza kitu kikubwa ukilinganisha na wajane wengine. Nawaacha waseme.

Wako waliojaribu kunipatanisha naye. Walisema, alikuwa mwanamke peke yake, alikuwa anaogopa, ungefanya nini wewe? Mimi pia nilikuwa mwanamke peke yangu siku ile uani. Na yule aliyemshika askari mkono kwa sababu ya shu mbili za mtu asiyemjua, ujasiri huo aliuweka wapi alipofika kwangu? Au mume wangu hakufikia bei ya shu? Nimejiuliza hili nikipika, nikifua, nikiwa kanisani wakati wa komunyo. Nilipopishana naye sokoni alivuka barabara. Mara moja alinitumia fungu la lengalenga kwa mkono wa mtu, mbichi, zimefungwa vizuri kwa uzi wa mgomba. Nilimpa jirani alishe sungura wake.

Lakini niliendelea kupika kama alivyonifundisha. Hapo ndipo pananiuma kuliko kote, na sitaki kuwaficha. Nilijaribu kuacha. Nilinunua mawese chupa nzima, nikapika sombe inayoelea, na binti zangu wakasema, "Mama, nzito." Mikono yangu ilikuwa imekwisha kuwa yake. Majirani wakarudi kidogo kidogo kunywa maji kwangu, na mmoja mmoja, bwana yake akipandwa na tensio, alikuja mlango wa nyuma kuniuliza napikaje. Niliwafundisha. Waliponiuliza nilijifunza wapi, nilisema nilijifunza kwenye fuaye. Jina la kazi yake lilikuwa halitoki.

Miaka ikapita, binti zangu wakaolewa. Siku moja nikiwa uani nachambua maharagwe, akaingia mwanamke kijana nisiyemjua, amevaa vizuri, anatazama chini.

"Ni wewe Mama Masika? Mama yangu mukubwa anakuita. Yule alikuwa monitrisi zamani."

"Mwambie nimekufa."

Hakwenda. Alisimama tu pale. "Anakataa kula," akasema. "Ni siku ya tatu. Ana ugonjwa ya sukari, na kila kitu napika anasema nataka kumuua. Mimi napika na nguvu yangu yote, mama. Bwana yangu anasema muzee akili imeharibika. Lakini anaita jina yako."

Nilikwenda. Msiniwekee huruma ambayo sikuwa nayo. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona akiwa amekaa mahali ambapo hatasikilizwa.

Walikaa Katindo. Nilimkuta kitandani, yale mabega mapana yamebaki mifupa, mguu mmoja umefungwa kitambaa kwa kidonda kisichopona. Kwenye stuli karibu naye kulikuwa na sahani ya wali unaong'aa mafuta, vipande vya nyama ya nguruwe juu yake, na kikombe cha chai ambacho sukari yake ilikuwa bado haijayeyuka chini. Ilikuwa chakula cha upendo, kila mtu angeona. Yule binti alikuwa amejinyima ili kukipika.

Monitrisi aliponiona hakusalimia. Akamwambia binti, "Muulize huyu. Muulize huyu, yeye anajua."

Binti akanigeukia. Nikaona amechoka, na kwamba yuko tayari kuamini lolote nitakalosema.

"Mama, anasema alifundisha Goma muzima kupika bila mafuta. Anasema kwa ugonjwa yake kuna chakula yake, na alifundisha watu. Mimi nilikuwa Kisangani, sikumuona akifundisha. Hapa mtaani watu wote ni wageni, hakuna mutu anamukumbuka. Ni kweli, ao anaota?"

Monitrisi alikuwa ananiangalia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani, alikuwa ananiangalia usoni. Aliogopa. Alikuwa ananiogopa mimi. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo miaka mingi, nikalitazama muda wa kutosha. Ningeweza kusema neno la kweli kabisa. Ningeweza kusema, "Mimi nilikuwa nakwenda fuaye kushona."

Nikasema, "Ni kweli. Yeye ndiye alinifundisha mimi. Mupikie vile anasema."

Binti akainua ile sahani na kile kikombe, akatoka navyo. Hakuuliza swali la pili. Alitoka kama mtu aliyeambiwa mvua inanyesha aanue nguo, nikamsikia huko nje akiosha sufuria upya na kuita mtu amletee lengalenga.

Monitrisi akaanza kulia. Akaninyooshea mkono, "Mama Masika, mwanangu, Mungu akubariki," na mkono ukabaki pale hewani kati yetu, mwembamba. Sikuushika. Nilikuwa nasikiliza maji yanayomwagika nje, kwa maana sikuwa najua, miaka yote hiyo sikuwa najua, kwamba kinachotakiwa kumwokoa mtu ni kidogo namna hiyo.

"Umeona?" nikamwambia. "Wanasikilizaga."